Pikipiki ya zamani, mzigo wa leo: breki ya mbele itengenezwe au ibadilishwe?

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

SARUJI, sukari na mbolea hufika Bandari ya Bujumbura kwa meli kutoka Kigoma na Mpulungu, lakini kipande cha mwisho cha safari, kwa mfanyabiashara mdogo, mara nyingi si cha meli wala lori. Ni cha pikipiki. Ukitoka getini una mambo mawili ya kuchagua: ubaki kwenye tambarare, kuelekea Gatumba na Uvira au kufuata ziwa hadi Rumonge, au upande milima.

Maji ya Ziwa Tanganyika yako takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Bugarama, kwenye Barabara ya Taifa Namba 1, iko zaidi ya mita 2,000, na kutoka mjini hadi huko ni kama kilomita 35 tu. Anayeijua barabara hiyo amewaona vijana wa baiskeli wakining'inia nyuma ya malori wakati wa kupanda, kisha wakiteremka kama mishale na mikungu ya ndizi. Mwenye pikipiki hapati shida kubwa kupanda. Shida yake ni kushuka.

Tupige hesabu ndogo. Pikipiki, dereva na mzigo vikifika kilo 250, kuteremka mita 1,200 kunaachia nguvu inayotosha kuchemsha takriban lita 9 za maji ya ziwa. Sehemu yake inaishia kwenye upepo, tairi na injini. Inayobaki inaingia kwenye breki ikiwa joto, na katika pikipiki nyingi za zamani breki hiyo ni dramu ndogo ambayo mtu anaweza kuifunika kwa kiganja.

Pikipiki zenyewe zinajulikana: Yamaha AG100 yenye keria mbele na nyuma, Yamaha DT125 za zamani, Honda CG125. Ni mashine za tangu miaka ya 1970, na nyingi ziliingia ukanda huu kwa miradi ya kilimo, misheni na mashirika ya misaada kabla ya kuuzwa kwa watu binafsi. Bado zinatafutwa kwa sababu fremu ni ngumu na fundi yeyote anazielewa. Hata hivyo AG100 na DT125 ni injini za kuchanganya petroli na oili, na injini za aina hiyo hazizuii sana mwendo ukiachia mafuta. Halafu kuna uhaba wa petroli ambao Burundi imeishi nao kwa miaka kadhaa sasa. Dereva anayeokoa mafuta kwa kuzima injini au kuweka gia huru mteremkoni ameikabidhi breki kazi yote. Akiba ya nusu lita inaweza kula mzigo mzima.

Kwa nini breki ya mbele? Unapofunga breki, uzito unakimbilia mbele. Gurudumu la nyuma linakuwa jepesi na kuteleza, la mbele linashika ardhi. Ukisimama kwa nguvu barabarani, breki ya mbele inafanya theluthi mbili ya kazi au zaidi. Madereva wengi wa bodaboda, au taxi-moto kama wanavyoitwa hapa, wanaiogopa breki hiyo kwa sababu waliwahi kuona mtu akirushwa. Wanaikanyaga ya nyuma tu, ya mbele inakaa kama pambo mpaka waya wake unashika kutu.

Buyenzi, mtaa wa Waswahili ulio jirani na bandari, ni mtaa wa gereji na vipuri. Mteja anayefika huko na AG100 yake mara nyingi ameshaamua: anataka diski. Amekwisha kuiona kwenye pikipiki mpya na inapendeza. Honda ndiyo iliyoifanya diski ya mbele kuwa jambo la kawaida, ilipoiweka kwenye CB750 ya mwaka 1969, na tangu hapo dramu imeonekana kitu cha maskini. Mimi siafiki. Dramu iliyotunzwa vizuri inashinda diski iliyofungwa kwa kubahatisha, na gharama yake ni ndogo mno. Aanze hapo kwanza.

Fundi mzuri akifungua gurudumu anaangalia mambo ambayo mteja hayaoni. Dramu ikiwa imeliwa na kuwa yai, breki inashika na kuachia kila mzunguko. Inapelekwa kwa mkerezaji isawazishwe, mradi isipite kipimo cha mwisho ambacho kwa kawaida kimechongwa kwenye habu yenyewe. Viatu vya breki vipya havigusi dramu ya zamani sawasawa. Vinagusa ncha au katikati tu. Dawa yake ni kubandika msasa ndani ya dramu na kuvisugua viatu humo mpaka alama zionekane upana wote. Kazi hii inachukua muda, na ndiyo maana fundi mwenye haraka huiruka.

Baada ya hapo, waya. Waya wa zamani unaokwaruza ndani ya ganda lake unakula nguvu ya mkono kabla haijafika chini. Weka mpya, upakwe mafuta, upitishwe bila kukunjwa. Mkono mdogo pale kwenye dramu, unaovutwa na waya, unatakiwa kuwa karibu nyuzi 90 na waya huo wakati breki imeshika. Ukiwa umelala, unavuta bure. Watu wengi wanaukaza kwa nati tu kadiri viatu vinavyoisha, mpaka unapita pembe hiyo na breki inalegea bila wao kujua sababu.

Kuna hatua nyingine ya bure kabisa. Gurudumu likisharudishwa, legeza nati ya ekseli kidogo, bana breki ya mbele kwa nguvu zote, na mwenzako akaze nati huku umebana. Sahani ya breki inajiweka katikati ya dramu. Mtu asiyewahi kufanyiwa hivi atashangaa tofauti.

Tahadhari moja: vumbi lililomo ndani ya dramu lisipulizwe kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Vitambaa vya breki vya miaka hiyo vilitengenezwa mara nyingi kwa asbesto, ambayo inaharibu mapafu polepole. Kitambaa chenye maji kinatosha.

Hatua inayofuata, kabla ya diski, ni gurudumu lenye dramu kubwa kutoka pikipiki nyingine, au ile dramu yenye kamu mbili ambamo viatu vyote viwili vinavutwa na mzunguko wenyewe. Katika dramu ya kawaida kiatu kimoja kinajibana, cha pili kinasukumwa mbali na dramu. Kamu mbili zinashika vizuri sana kwenda mbele. Kurudi nyuma ni dhaifu, kwa hiyo ukisimama katikati ya mlima na mzigo, breki hiyo peke yake haikushiki. Mguu ubaki kwenye ya nyuma.

Diski ina faida zake za kweli. Iko wazi, inapoa haraka. Na ikilowa inakauka kwa mizunguko michache, jambo ambalo anayepita Gatumba analielewa bila kuelezwa: tangu mwaka 2020 Rusizi na ziwa vimeifurika sehemu hiyo mara kwa mara, na dramu iliyojaa maji haina breki mpaka ikauke. Kwa anayefanya njia ya Uvira msimu wa mvua, hoja ya diski ina nguvu kuliko kwa anayekwenda Rumonge.

Lakini diski hainunuliwi peke yake. Kalipa inahitaji pa kushikia kwenye mguu wa shokapu, na shokapu za AG100 hazina mahali hapo. Kuna mtu atakayejitolea kuchomelea kipande cha chuma. Mkatae. Sehemu ya chini ya shokapu kwa kawaida ni aluminiamu ya kuyeyushwa. Ukiichoma inapoteza ugumu, na kipande hicho ndicho kitakachobeba nguvu yote ya kusimamisha kilo 250. Kinachofanya kazi ni kuhamisha mbele nzima kutoka pikipiki moja yenye diski: shokapu zote mbili, vishikio vya juu na chini, gurudumu na ekseli yake, kalipa, paipu, na masta silinda. Pima kwanza shina la usukani na bearingi zake, maana hapo ndipo mipango mingi inapokwama.

Masta silinda itoke pikipiki ileile iliyotoa kalipa. Ikiwa kubwa mno, mkono unakuwa mgumu kama jiwe na breki haishiki. Ikiwa ndogo mno, mkono unafika kwenye usukani kabla ya breki kuuma. Mafuta ya breki yawe DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema. Oili ya injini inavimbisha raba za ndani na siku moja breki inaganda. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa, hasa pembezoni mwa ziwa, na yakishanyonya yanachemka mapema mteremkoni. Chupa ndogo iliyofungwa ina thamani kuliko kubwa iliyokaa wazi dukani, na yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Sasa vipuri vyenyewe. Vinafika Bujumbura kutoka Dar es Salaam na Kigoma, kwa ziwa au kwa barabara kupitia Kobero na Mugina, na vingine kutoka Kampala na Nairobi. Njia ya kupitia Rwanda ilikatika Burundi ilipofunga mpaka wake Januari 2024, na safari ya mzunguko inaongezwa kwenye bei. Hapa wafanyabiashara wengi wanajichanganya. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule wa mizigo isiyozidi dola 2,000 na cheti chake cha uasili, ni kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya. Diski ya India au Uchina haibadiliki kuwa ya Jumuiya kwa sababu umeinunua Kariakoo. Tembea na risiti, itangaze kwa OBR, na ushuru uuweke kwenye hesabu kabla hujaahidi bei kwa mteja.

Ukienda kununua, beba kipuri cha zamani mkononi. Jina la pikipiki halitoshi, maana AG100 za miaka tofauti hazilingani kila kitu. Diski iliyotumika iweke juu ya kioo cha kaunta: ikicheza, imepinda. Viatu vya breki viangalie pembeni. Ukiona mwanya kati ya kitambaa na chuma, gundi imeshaachia, na kitambaa kikibanduka ndani ya dramu gurudumu linafunga ghafla.

Nchini India, tangu Aprili 2019, sheria inataka pikipiki mpya zilizo juu ya sisi 125 ziwe na breki zisizofunga gurudumu, na ndogo zaidi ziwe na breki zinazoshirikiana mbele na nyuma. Sheria hiyo ni ya pikipiki zinazouzwa huko. Zinazosafirishwa kuja kwetu haziguswi nayo, kwa hiyo hata anayenunua mpya asidhani amemaliza jambo hili. Aulize dukani kilichomo ndani ya gurudumu la mbele.

Kazi ikishakamilika, usipande Bugarama siku hiyohiyo. Viatu au pedi mpya hazijakaa. Tafuta kipande cha barabara tambarare, kikavu, kisicho na msongamano, na usimame taratibu mara ishirini au thelathini ukiiacha breki ipoe katikati. Jizoeze kubana mbele polepole, vidole viwili, kisha kuongeza. Kwenye kokoto na mchanga bana kidogo kuliko ulivyozoea kwenye lami, maana breki uliyonayo sasa si ile ya jana. Ukimaliza, gusa habu kwa mgongo wa mkono: ikiwa moto wakati hujafunga breki, kuna kitu kinasugua, na pikipiki irudi kwa fundi kabla ya kufungwa mzigo.