Neno la Mkubwa Hupimwa Kwenye Mizani

Kila wakati wa uchaguzi unapokaribia, mashamba yetu hupata wageni wengi. Gari husimama penye njia ya panda, viti hutolewa nje, watu huitwa, na baada ya salamu na dua hutajwa karafuu. Hatujapata kumwona mgeni wa namna hiyo akaja Pemba akasahau kuitaja. Hatuna kinyongo na wageni hao, maana mgeni ni baraka. Lakini twataka leo tuzungumze na wanachama wetu mintarafu ya jambo moja: vipi mkulima ampime mtu wa siasa anayemwahidi kheri ya karafuu? Rai yetu ni kwamba asipimwe kwa ufasaha wa ulimi wake, wala kwa rangi ya bendera yake. Apimwe kwenye mizani ile ile tunayopimia karafuu zetu kituoni.

Ili maneno yetu yasiwe ya hewani, tutatoa mfano wa mtu ambaye kazi yake imekwisha na sote tuliiona, yaani Dk. Ali Mohamed Shein, aliyekuwa Rais wa Zanzibar tangu Novemba 2010 hata Novemba 2020. Hatumtaji kwa ajili ya chama chake, kwani jumuiya ya wakulima haina kadi ya chama. Twamtaja kwa sababu alilitanguliza jambo la karafuu katika siasa yake, na alilisema kwa hesabu ambayo mtu aliweza kuishika.

Dk. Shein ni mzaliwa wa Chokocho, Pemba, mwaka 1948. Elimu yake ni ya maabara za tiba, akafikia shahada ya udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, mwaka 1988. Kabla ya kuja kutawala Zanzibar alikuwa Makamu wa Rais wa Muungano tangu 2001. Uchaguzi wa Oktoba 2010 aliushinda kwa tofauti ndogo sana: yeye alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif Sharif Hamad asilimia 49.1. Huku Pemba majimbo yote 18 yalikwenda kwa chama cha CUF. Basi huyu alikuwa Rais ambaye kisiwa chake mwenyewe, kwa hesabu ya majimbo, hakikumchagua. Kwa bahati njema, kura ya maoni ya Julai 2010 ilikuwa imekwisha kuifungulia njia Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na Maalim Seif akawa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Wengi walidhani kwamba kisiwa kisichompa mtu kura hakitapata kitu kwake. Mambo hayakuwa hivyo. Katika msimu wa 2010 kilo ya karafuu ilikuwa ikinunuliwa kwa shilingi 5,000 au karibu yake. Msimu wa 2011 bei ilipita shilingi 10,000, na baadaye kwa miaka kadhaa karafuu ya daraja la kwanza ilisimama kwenye shilingi 14,000. Serikali ilitamka kwamba mkulima atalipwa asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Wazee wetu waliouza karafuu katika miaka ya 1970 wanajua uzito wa neno hilo, maana wakati ule dunia ililipa vizuri lakini sehemu iliyorudi shambani ilikuwa ndogo mno, hata watu wengine wakaiachia mikarafuu yao ikamezwa na kichaka.

Tazameni pia jambo la magendo. Kwa miaka mingi mashua zilikuwa zikitoka usiku kwa siri kuelekea upande wa Mombasa zimesheheni magunia, na nchi ya jirani yenye mikarafuu michache ikawa inauza karafuu nyingi ng'ambo. Serikali ilipeleka askari pwani, ikawatia watu hatiani, na magendo hayakwisha. Bei ilipopanda yalipungua sana. Mtu hapandi mashua usiku, akahatarisha roho yake na mali yake, kwa kupenda tu; huenda kwa sababu kule analipwa na hapa hapewi haki yake. Mkulima akilipwa vema kituoni, yeye mwenyewe huwa mlinzi wa pwani.

Lakini bei si jambo lote. Mkarafuu haukui kwa mwaka mmoja, na miti yetu mingi ni ya umri wa babu zetu. Kwa hiyo Serikali ilikuwa ikigawa miche ya mikarafuu bure, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, likaundwa upya kwa sheria ya 2011, na mwaka 2014 ikapitishwa Sheria ya Maendeleo ya Karafuu. Kuhusu kusikiliza watu, Rais huyo alikuwa akizuru mashamba na vituo vya kununulia karafuu, na Ikulu aliweka vikao vya kila baada ya muda maalumu ambavyo kila wizara ilifika kueleza imetekeleza nini katika mpango wake. Vikao hivyo vilijulikana kwa jina la Bangokitita. Twaliona jambo hili kuwa jema, maana waziri anayejua kwamba ataulizwa baada ya miezi michache hawezi kulala juu ya ahadi.

Hapo tumesifu, na wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa hiyo sasa tuseme na upande wa pili.

Asilimia 80 ni ahadi ya sehemu. Si ahadi ya shilingi kadhaa. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Ikiwa soko la dunia linalipa shilingi 17,500 kwa kilo, basi haki ya mkulima ni shilingi 14,000. Soko likipanda hata 20,000, haki yake ni 16,000. Likishuka hata 15,000, haki yake ni 12,000, na hapo akipewa 14,000 amesaidiwa. Sasa mkulima wa Mtambwe au wa Kengeja, anayeijua bei ya kituoni lakini haijui bei ya Singapore, atajuaje kama bei iliyosimama mahali pamoja miaka kadhaa imempa zaidi ya haki yake au imempunja? Hatusemi kwamba alipunjwa. Twasema kwamba ahadi ya sehemu haitimii mpaka mwenye sehemu aonyeshwe kitu kizima kinachogawanywa.

Tena kuna gharama. Bei ya kilo husomwa redioni, lakini mkulima hapokei bei yote. Kuna mchumaji anayelipwa kwa pishi, kuna wanaochambua makonyo, kuna majamvi ya kuanikia, kuna walinzi wa usiku, kuna gari la kupelekea mzigo kituoni. Mvua ikinyesha karafuu zimo uwanjani, zikapata unyevu zikageuka mpeta, daraja huanguka na bei huanguka nayo. Na mchumaji akianguka mtini, msiba huo hauna mizani. Mwanasiasa anayetaja bei bila ya kutaja mambo haya ameuona mkarafuu kwa mbali.

Jambo la tatu ni siasa yenyewe. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, ukarudiwa Machi 2016 bila ya CUF kushiriki, na serikali ya pamoja ikakatika mpaka ilipoundwa tena baada ya uchaguzi wa 2020. Katika miaka ile majirani walinuniana, na wengine waliacha hata kuchumiana. Kama kheri ya karafuu yategemea hisani ya mkubwa mmoja, kheri hiyo yaweza kuondoka naye au kuondoka na hasira za siasa. Lakini ikiwa imesimama juu ya sheria na hesabu iliyo wazi, atakuja huyu na kuondoka yule, na mkulima atabaki na haki yake. Tofauti baina ya hisani na haki ni kwamba hisani huombwa, na haki huulizwa.

Basi yatupasa tujifunze kuuliza, tena kumwuliza anayehusika. Wanachama wengi humpelekea mbunge malalamiko ya karafuu, ilhali kilimo si jambo la Muungano. Bunge la Dodoma haliamui bei ya karafuu. Anayepaswa kulisimamia jambo hilo ni mwakilishi wetu katika Baraza la Wawakilishi, chombo kilichoanzishwa mwaka 1980. Sheha yeye huteuliwa, hachaguliwi. Mpelekeeni khabari za shehia, lakini msimdai sera ambayo si yake. Diwani mwulizeni njia ya shamba na mambo ya halmashauri.

Mwakilishi au mgombea akija kuketi nasi barazani, tusimwulize, "Utatusaidia nini?" Swali hilo lajibiwa kwa tabasamu. Tumwulize maneno matatu. La kwanza: utataka bei ya soko la dunia iliyotumika kupiga hesabu ibandikwe katika kila kituo kabla ya mchumo kuanza, au hutataka? La pili: miche iliyogawiwa katika jimbo hili mingapi ipo hai, na nani aliyeihesabu? La tatu: mchumaji aliyeanguka katika jimbo hili msimu uliopita amepata nini, na kwa muda gani? Majibu yake yaandikwe na karani wa tawi, pamoja na tarehe, na baada ya mwaka yasomwe tena mbele yake. Hiyo ndiyo Bangokitita ya wakulima, wala haihitaji Ikulu.

Nasi upande wetu tusisahau wajibu. Mtu anayechanganya makonyo na karafuu, au anayepeleka mzigo usiokauka, hana uso wa kumdai mwanasiasa ukweli. Anayepokea miche akaiacha ikafia chini ya mbuyu asilalamike kwamba Serikali haijali. Mizani ina sahani mbili, na moja ni yetu.

Twawaomba makatibu wa matawi wa Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani wayasome maneno haya katika mikutano yao kabla ya mchumo ujao, na watuletee majibu watakayopewa na wawakilishi wao. Tutayachapa kama yalivyosemwa, bila ya kuongeza wala kupunguza, awe msemaji ni wa chama chochote.