Asali Hii Imetoka Mzinga Gani?

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Leo umewahi. Karibu asali."

Kutoka kwangu Mtendeni hadi Soko Kuu la Tabora ni mwendo wa miguu tu, na kikapu hakichoshi kabla hakijajaa. Mama huyu nimemzoea. Chupa zake amezipanga mezani kwa rangi, kuanzia ya manjano iliyopauka hadi nyeusi kama chai ya rangi iliyokolea, na kila moja ilikuwa chupa ya kitu kingine kabla haijawa ya asali. Sijafungua mdomo, kijana mmoja mgeni kanitangulia. Anachomoa njiti ya kiberiti, anaichovya chupani, anaikwangua. Inawaka. Anatabasamu, analipa, anaondoka zake.

Nilinyamaza, kwa sababu asali ya mama huyu ni nzuri na sikutaka kumharibia biashara. Ila ukweli ni kwamba njiti ile haikupima kitu. Shira ya sukari iliyochemshwa mpaka ikawa nzito nayo huiacha njiti iwake. Mtihani wa glasi ya maji ni ule ule: shira nzito huzama kama inavyozama asali. Habari ya sisimizi kutoigusa asali halisi, yeyote mwenye kabati jikoni anajua mwisho wake. Na lile la kusema asali ikiganda imetiwa sukari ndilo linalowaumiza warina asali kuliko yote, maana asali safi huganda pia. Glukosi iliyomo hujitenga ikawa chembechembe, hasa kwenye baridi ya Juni na Julai. Iweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu, asali itarudi ilivyokuwa. Kuijua asali iliyochakachuliwa kwa uhakika ni kazi ya maabara.

Kilicho ndani ya uwezo wa mnunuzi ni kukisia maji. Asali iliyoiva haitakiwi kuwa na maji zaidi ya asilimia 20. Chukua chupa iliyofungwa, ipindue, tazama kiputo cha hewa kinavyopanda. Kikijivuta, asali ni nzito na itakaa. Kikikimbia, huenda ilirinwa nyuki hawajaziba masega kwa nta, na baada ya wiki kadhaa utasikia kizibo kinafyatuka na kutoa povu. Asali ya nyuki wadogo wasiouma usiipime hivyo. Hiyo ni nyepesi kwa asili yake, ina uchachu wake, na wanaoijua huilipia zaidi.

Basi nikapindua chupa, nikaridhika, halafu nikauliza ninachouliza kila mara: mzinga wa nini?

Swali hili lina sababu. Mzinga wa kienyeji wa Unyamwezi mara nyingi ni gome. Mrinaji huchagua mti wa mtundu au muba ulionyooka, hukata gome mduara juu na mduara chini, hupasua ubavuni, hulibandua zima kama unavyovua soksi, kisha hulikunja, huziba ncha mbili na kulitundika. Ni mwepesi, hauna gharama, na nyuki wanaupenda. Ubaya wake unabaki pale mti uliposimama. Mti uliovuliwa gome mzunguko mzima hauna tena njia ya kushusha chakula kutoka kwenye majani hadi mizizini. Hukauka ukiwa wima. Na huo si mti wowote tu: muba huchanua masika yanapoelekea kwisha, mtundu huchanua joto likizidi kabla ya mvua mpya, na misimu miwili ya asali inategemea maua hayo. Kwa mzinga wa miaka michache mtu anauza maua ya miaka mingi.

Sisemi kila gome ni dhambi. Wapo wanaobandua miti iliyokwisha kuangushwa shamba likifunguliwa, na hapo mzinga wa gome unakuwa ni kutumia ambacho kingechomwa bure. Mzinga wa gogo nao unatoka kwenye mti, lakini hudumu zaidi. Wa mbao, ukitunzwa, hudumu zaidi ya yote miwili. Kwa hiyo jibu la "gome" halinifukuzi mezani. Linanifanya niulize gome la wapi. Safari hii mama alijibu bila kusita: "Shemeji yangu kule Sikonge ana magogo. Ya mbao anayo mitano, anajaribu."

Muuzaji anayejua mzinga uko wapi kwa kawaida anajua pia asali ilirinwaje. Asali yenye harufu kali ya moshi mara nyingi imerinwa kwa mwenge, usiku, na mwenge ukishikwa vibaya huua nyuki na kuwasha pori. Bomba la moshi na vazi la kujikinga havipatikani kwa kila mrinaji, ingawa Tabora ina chuo cha ufugaji nyuki na ushirika wa warina asali umekuwepo tangu miaka ya 1960. Hapa ndipo mnunuzi anapohusika. Ukimkandamiza mama wa mezani mpaka akuuzie kwa bei ya shira, hutampa shemeji yake sababu ya kununua mbao.

Siku hizi wito unasikika kila mahali: nunua cha nyumbani. Katika visiwa vya Karibi una maana ya moja kwa moja, kwa sababu sehemu kubwa ya chakula chao hushuka bandarini. Nchi za CARICOM, jumuiya yao, zilijiwekea lengo la kupunguza kwa asilimia 25 gharama ya chakula cha kuagiza hadi kufikia 2025. Sisi wa Tabora hatuna shida hiyo. Shida yetu ni kwamba mkaa nao ni wa nyumbani. Tumbaku nayo ni ya nyumbani: Urambo, Kaliua, Sikonge, na mabani ya kuikaushia yanameza kuni za miombo, misitu hii hii ya mtundu na muba. Tanuri la mkaa la kufukiwa udongo hula kuni zenye uzito mara tano hadi kumi ya mkaa unaotoka. Kitu kinaweza kuwa kimetoka kilomita 20 na kikawa kimekula msitu, kingine kikatoka mbali bila kuuharibu. Umbali peke yake hauniambii neno.

Chukua dagaa wa Kigoma. Reli ya Kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na tangu hapo samaki wa Ziwa Tanganyika ana njia ya kutufikia: zaidi ya kilomita 400, amekaushwa kwa jua, mwepesi, hahitaji barafu. Kwangu mimi huyo si wa kukwepa kwa ajili ya umbali. Cha kuangalia kwake ni ziwa. Mwaka 2024 uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Dagaa wakiadimika kwa sababu hiyo, kaa bila dagaa.

Mji huu umewahi kulisha watu wengi kwa chakula cha jirani. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Kaze, ndani ya Tabora ya leo, Novemba 1857, walikuta kituo ambacho misafara ya pwani ilipumzika na kujaza akiba. Hakuna msafara uliobeba chakula cha miezi yote ya njia. Mpagazi alipewa posho yake, kwa kawaida kibaba cha nafaka kwa siku, na nafaka hiyo ilinunuliwa njiani, kwa wenyeji. Kilichotoka mbali ilikuwa fedha: shanga, kaniki, na ile nguo tuliyoiita merekani kwa sababu ilifumwa kwenye viwanda vya Massachusetts. Chakula cha hapa Unyanyembe kikilipiwa kwa kitambaa cha Marekani! Lakini tusiipambe historia hiyo kupita kiasi. Mashamba mengi ya matajiri wa wakati ule, waliopanda miembe na mitende mjini hapa, yalilimwa na watumwa. Aliyelima na alichopata ni sehemu ya bei, hata kama shamba liko nyuma ya nyumba yako.

Kipimo nacho ni sehemu ya bei. Zamani vibaba vinne vilikuwa pishi moja, na kila mtu alijua. Leo tuna sado na debe, na tuna ujanja wake: kopo lililobonyezwa kitako kwa ndani, sado iliyopigwa pasi kwa moto ikapungua mdomo. Kwa mkulima ujanja ni lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, ambalo mlanguzi hulinunua kama gunia moja. Sheria ya Vipimo inakataza, mwisho ni kilo 100, lakini lumbesa bado inasafiri usiku. Ukiweza, nunua kwa mizani. Ukikosa mizani, nunua kwa yule ambaye sado yake unaweza kuingiza mkono na kupapasa kitako.

Mvua zikianza, upande wa mboga hubadilika sura. Akina mama huja na uyoga kwenye mabeseni, wa rangi ya machungwa, wa kijivu, na ule mkubwa wa kwenye vichuguu. Uyoga ndiyo bidhaa ninayoiheshimu kuliko zote sokoni, na nitaeleza kwa nini. Aina nyingi za uyoga wa miombo huishi zimeshikana na mizizi ya mtundu na muba. Nyuzi zake, nyembamba kuliko unywele, huuletea mti maji na madini, na mti huulipa uyoga kwa sukari. Ndiyo maana hakuna aliyefanikiwa kuupanda shambani kama mahindi. Kata miti, na mwaka unaofuata hakuna wa kuchuma. Ule wa vichuguuni unalimwa na mchwa wenyewe, chini huko, kwa hiyo anayevunja vichuguu vyote shambani asishangae. Beseni moja la uyoga ni ushahidi kwamba mahali fulani msitu bado umesimama, na fedha ya beseni hilo inaingia moja kwa moja mkononi mwa mama aliyeamka alfajiri. Nunua kwa aliyeuchuma mwenyewe au anayemjua mchumaji, kwa sababu sumu ya uyoga mbaya haiondoki kwa kuchemsha.

Kiangazi ni zamu ya vilivyokaushwa. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa; matobolwa huchemshwa kwanza. Nsansa ni majani ya kunde. Wageni huvipita wakidhani ni chakula cha shida, na vijana wetu wameanza kuwaiga. Hapa kuna chakula kilichotunzwa kwa jua tupu, bila jokofu, na kinachotufikisha msimu mwingine. Matobolwa kwa karanga na chai asubuhi, sijui mkate wa kuyashinda. Matunda kama matonga, furu na mbula huja na misimu yao, na ukiyanunua, mtu ana sababu ya kuuacha mti wake shambani.

Jambo la jikoni nalipita haraka, ingawa ni kubwa: maharage ya jirani yakichemshwa saa tatu kwa mkaa, ujirani wake umekwisha. Yaloweke usiku.

Nikarudi kwa mama. Nilikuwa nimekuja na chupa yangu ya kioo, kwa sababu mifuko ya rambo ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, lakini chupa za plastiki za maji zinaendelea kuzunguka, nyingine na harufu ya mafuta ya taa. Akanimiminia, akafuta mdomo wa chupa kwa kidole, akakilamba kidole. Hatukugombana bei.

Ukipita Tabora mwezi Juni au Julai, asali mpya ikiwa mezani, kiberiti kiache mfukoni. Msalimu mama, pindua chupa, na kabla ya kuuliza bei, uliza mzinga.