Zamu Fupi, Mzigo Uleule

Mwaka 1984 Libby Zion, msichana wa miaka 18, alifariki saa chache baada ya kulazwa hospitalini New York, akiwa mikononi mwa madaktari walio mafunzoni waliokuwa na zamu ndefu na wagonjwa wengi. Kilio cha familia yake kilizaa kanuni: mwaka 1989 jimbo la New York liliweka kikomo cha saa 80 za kazi kwa wiki, na mwaka 2003 kikomo hicho, kwa wastani wa wiki nne, kikaenea Marekani nzima. Kanuni hiyo ni ya lazima, lakini imeshika nusu ya tatizo. Inahesabu saa, haihesabu kazi iliyorundikwa ndani ya saa hizo.

Ulazima wake umethibitishwa. Utafiti wa Boston uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba madaktari tarajali katika vyumba vya wagonjwa mahututi walifanya makosa makubwa asilimia 36 zaidi walipofuata ratiba ya kawaida ya kukesha kuliko walipopunguziwa zamu. Mwaka uliofuata ikabainika kwamba baada ya zamu ndefu uwezekano wa daktari tarajali kupata ajali ya gari huongezeka zaidi ya maradufu. Kukesha basi hakumkomazi daktari. Kunamhatarisha yeye na mgonjwa wake.

Wapinzani wana hoja ya kusikilizwa. Wanasema zamu zikifupishwa mgonjwa hupita mikono mingi, na kila anapokabidhiwa kuna jambo linalosahaulika. Tena, jaribio kubwa la mwaka 2016 katika programu 117 za mafunzo ya upasuaji halikuona tofauti ya vifo wala madhara makubwa kati ya waliobanwa na kikomo cha urefu wa zamu na walioachiwa huru. Mwaka 2017 kikomo cha saa 16 kwa zamu moja kilichowekewa madaktari wa mwaka wa kwanza kikaondolewa. Lakini pande zote mbili za jaribio hilo zilibaki ndani ya saa 80, na walioachiwa huru ndio waliolalamika zaidi kwamba kazi inawanyima muda wa familia na mapumziko. Makabidhiano nayo hufundishika: utaratibu maalumu uliojaribiwa katika hospitali 9, matokeo yakatolewa mwaka 2014, ulipunguza madhara yanayozuilika kwa asilimia 30.

Ushahidi mzito zaidi ulikuja mwaka 2020, kutoka vyumba vya watoto mahututi katika hospitali 6. Kinyume cha matarajio, zamu fupi ziliambatana na makosa mengi zaidi. Watafiti walipochimba, waligundua kwamba kwenye ratiba hiyo kila daktari alibeba wagonjwa wengi zaidi. Tofauti hiyo ya mzigo ilipozingatiwa, ongezeko la makosa likatoweka. Saa zilipunguzwa, watu hawakuongezwa.

Atakayeuliza fedha za kuajiri zitoke wapi ana haki, hasa penye madaktari haba. Hata hivyo, kufuatilia majibu ya maabara, kujaza fomu na kusukuma machela si kazi zinazohitaji shahada ya udaktari. Kuwapa wengine kazi hizo ni nafuu kuliko kulipia makosa. Mkaguzi anayekagua ratiba ya zamu na kuuliza saa tu, bila kuuliza kila daktari ana wagonjwa wangapi, hajaikagua.