Mama, Ujue Mto Anaouvuka Mwanao

Arusha ni mji wa mito. Maji hushuka kutoka Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, yakapita katikati ya makazi yetu. Akina mama wa Sombetini, mkitaka kutembea pamoja hamhitaji kwenda mbali. Elekeeni Ngarenaro, jina ambalo kwa Kimaasai ni maji meusi, mvuke Naura, mfike Themi karibu na Mnara wa Saa.

Matembezi hayo huburudisha mwili, lakini yana faida kubwa zaidi. Mama aliyetembea kando ya mto hujua daraja lipi halina kingo, korongo lipi limejaa taka, na watoto huvukia wapi waendapo shule. Wakati wa kiangazi mto ni mpole, mtoto huuruka kwa hatua moja. Mvua kubwa ikinyesha mlimani, maji huja ghafla, hata kama mtaani kwenu ni pakavu. Tarehe 12 Aprili 2024 mafuriko yalisomba gari la shule jijini Arusha, na watoto wakapoteza maisha.

Basi chagueni Jumamosi moja kabla ya masika. Vaeni viatu visivyoteleza, bebeni maji ya kunywa, mwende na watoto. Waonyesheni njia ya kupita siku ya mvua, hata ikiwa ndefu. Penye hatari, mwelezeni mwenyekiti wa mtaa.

Miriamu alisimama kando ya mto akimlinda mdogo wake, Musa. Nasi tusimame.