Kanuni za Bunge si urembo: Somo la wabunge wa Usambara katika sakata la Richmond

Na Mwandishi Wetu

WANANCHI wengi wanaofuatilia mijadala ya Bunge mjini Dodoma huchoshwa na jambo moja. Mbunge anapoanza kusema jambo zito, mwenzake husimama kuomba mwongozo wa Spika, mwingine huomba kutoa taarifa, wa tatu hulalamikia utaratibu. Muda unakwisha, na msikilizaji aliyeko Muheza au Lushoto anabaki akijiuliza barabara yake imesemewa saa ngapi.

Malalamiko hayo yana msingi. Hata hivyo, historia ya karibuni ya Bunge la Jamhuri ya Muungano inaonyesha kuwa kitabu hicho cha Kanuni za Kudumu, kinachotungwa na Bunge lenyewe kwa mujibu wa Ibara ya 89 ya Katiba, ndicho kilichowawezesha wabunge wa kawaida kuiwajibisha Serikali. Miongoni mwa waliokitumia walikuwamo wabunge kutoka Milima ya Usambara, mkoani Tanga.

Mfano ulio wazi ni ule wa William Shellukindo, aliyekuwa Mbunge wa Bumbuli, wilayani Lushoto, kwa tiketi ya CCM hadi mwaka 2010.

Mwaka 2006 nchi ilikumbwa na ukame, mabwawa ya kuzalisha umeme yakapungukiwa maji, na mgawo wa umeme ukaumiza viwanda na majumba. Serikali ikaingia mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100 na kampuni ya Richmond. Umeme huo haukupatikana kwa wakati, na mkataba ukahamishiwa kampuni ya Dowans. Mwaka 2007 TAKUKURU ilitangaza kuwa haikuona rushwa katika zabuni hiyo. Kwa wengi, suala lilionekana limekwisha.

Halikwisha, kwa sababu lilikuwa na njia nyingine ya kupita. Shellukindo wakati huo alikuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Uwekezaji na Biashara. Kamati za kudumu hazina mamlaka ya kuamua kwa niaba ya Bunge zima. Kazi yake ni kuchambua na kushauri. Kwa hiyo kamati yake ililirejesha suala hilo mbele ya Bunge, na Novemba 2007 Bunge likaridhia kuundwa kwa Kamati Teule ya kulichunguza.

Hapo ndipo tofauti ya kikanuni inapokuwa na uzito. Malalamiko ya mbunge mmoja akichangia bajeti hujibiwa na waziri, na kikao kikaendelea. Hoja iliyotolewa kwa utaratibu, ikaungwa mkono na kupitishwa, hugeuka kuwa uamuzi wa Bunge. Kamati Teule inayozaliwa na uamuzi huo hufanya kazi kwa hadidu za rejea na kwa nguvu ya Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge ya mwaka 1988, hivyo inaweza kuwaita mashahidi na kudai nyaraka.

Kamati hiyo ya watu watano iliongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe, Mbunge wa Kyela. Mmoja wa wajumbe wake alikuwa Herbert Mntangi, Mbunge wa Muheza, jimbo lenye kata ya Zirai katika Usambara Mashariki. Wengine walikuwa Stella Manyanya, Lucas Selelii na Mohamed Habib Mnyaa. Ripoti yao ilisomwa bungeni Februari 6, 2008, chini ya Spika Samuel Sitta. Kesho yake Waziri Mkuu, Edward Lowassa, alitangaza kujiuzulu. Mawaziri Nazir Karamagi na Dk. Ibrahim Msabaha nao waliachia ngazi, na Baraza la Mawaziri likavunjika.

Ikumbukwe kwamba Bunge halikumfukuza Waziri Mkuu. Njia pekee ambayo Katiba inalipa Bunge kumwondoa ni kura ya kutokuwa na imani naye chini ya Ibara ya 53A, na kura hiyo haikupigwa. Kamati ilimwachia mhusika apime mwenyewe. Naye, akizungumza bungeni, alilalamika kuwa alihukumiwa bila kuitwa kuhojiwa. Hilo nalo ni swali la utaratibu: je, Kamati Teule inawajibika kumsikiliza kila anayetajwa? Linaulizwa hadi leo, na wanaolipuuza kwa kuwa walifurahia matokeo wanasahau kuwa kanuni humlinda pia mtu asiyependwa.

Mfano wa pili ulitoka Kilindi, mkoani humo humo Tanga. Julai 18, 2011, Mbunge wa jimbo hilo, Beatrice Shellukindo, aliyefariki dunia mwaka 2016, alisoma bungeni barua ya Katibu Mkuu wa Wizara ya Nishati na Madini, David Jairo, iliyozitaka taasisi zilizo chini ya wizara kuchangia fedha kufanikisha kupitishwa kwa bajeti. Hakuishia kwenye tuhuma. Aliweka ushahidi mezani. Bajeti ya wizara ikaahirishwa. Mwezi uliofuata, Jairo aliporejeshwa kazini, wabunge walilichukulia suala hilo kuwa linagusa haki za Bunge, na Kamati Teule nyingine ikaundwa.

Kwa msomaji anayetaka kufuatilia mijadala hii, maneno machache yafaa kueleweka. Anayesimama kuhusu utaratibu anadai kanuni imevunjwa. Anayeomba mwongozo anataka Spika aeleze iwapo jambo fulani linaruhusiwa. Anayetoa taarifa anamwongezea maelezo anayezungumza, naye anaweza kuyapokea au kuyakataa. Anayeshika shilingi hatafuti fedha. Anatumia mshahara wa waziri kumbana atoe majibu kabla fungu halijapita. Na gilotini ikifika, mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa pamoja, yawe yamejadiliwa au hayakujadiliwa.

Ni dhahiri basi kuwa kanuni zile zile zinaweza kufungua mjadala au kuuzima. Tangu Toleo la 2007, lililoleta maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu kila Alhamisi, kanuni zimebadilishwa zaidi ya mara moja. Kila badiliko la dakika za kuchangia au la masharti ya kuleta hoja binafsi linaamua ni nani atasikika.

Vilevile kanuni zina mipaka. Kamati zilipopangwa upya mwaka 2008, Shellukindo aliongoza ile ya Nishati na Madini, iliyofuatilia utekelezaji wa maazimio ya Richmond. Mwaka 2010 Bunge lilifunga mjadala huo huku wapo walioona kuwa baadhi ya maazimio hayakutekelezwa ipasavyo. Mwaka huo huo mahakama ya usuluhishi ya kimataifa iliiamuru TANESCO kuilipa Dowans zaidi ya Sh. bilioni 90, baada ya mkataba kuvunjwa mwaka 2008. Kutoa hoja ni jambo moja. Kuisimamia hadi mwisho bila kuliongezea taifa hasara ni jambo jingine.

Wapiga kura wa Zirai, Bumbuli na kwingineko wana desturi ya kumpima mbunge kwa madaraja na zahanati. Wana haki hiyo. Lakini yafaa wamuulize na swali la ziada anaporudi jimboni: kero tuliyokutuma uliisemea tu, au uliitolea hoja? Na kama uliitolea hoja, Bunge liliazimia nini, na nani anafuatilia?