Mkono Ndio Ganji: Vile Vyuo vya Marekani Husaka Wasee wa Besiboli

Ukiskia chali wa Kenya amepata chuo Marekani kupitia michezo, akili inakimbia Iten. Ni sawa. Lakini kuna soko lingine huko ambalo sisi hatulicheki, na majirani zetu wa Uganda walishalinusa kitambo: 2012 watoto wao walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Little League World Series. Hilo soko ni besiboli.

Mchezo wenyewe uko hivi. Pitcha anasimama mita 18 na kitu kutoka kwa msee ameshika rungu, anarusha boli, huyo mwingine anajaribu kuigonga. Mengine yote yanaanzia hapo. Ndio maana kocha wa chuo akiingia sokoni swali la kwanza ni moja tu: nani atanirushia?

Na hataki mmoja. Timu ya chuo inaweza kucheza mechi 56 kabla ya mtoano, kawaida tatu kila wikendi na ingine katikati ya wiki. Pitcha akirusha boli mia Ijumaa, huyo amemaliza hadi wiki ijayo. Kwa hivyo karibu nusu ya kikosi huwa ni mapitcha.

Kumpima ni rahisi. Kocha anatoa kale kadude ka spidi, kama kale makarao hujificha nako Thika Road, anasoma namba. Kijana wa hai skuli akigusa maili 90 kwa saa, yaani kilomita 145, simu italia. Akiwa mashoto, hata akipungukiwa kidogo atavumiliwa. Hiyo simu lakini iko na sheria: kwa Divisheni ya Kwanza ya NCAA, kocha haruhusiwi kumpigia kabla ya Agosti 1, akielekea mwaka wa tatu wa hai skuli.

Mpigaji ndiye kizungumkuti. Anaweza kuwa anachapa kila kitu kwa sababu mapitcha wa mtaa wao ni wanyonge. So kocha anaenda kujionea mwenyewe. Anaangalia boli ikipinda dakika ya mwisho chali anafanya nini, anakimbia yadi 60 kwa sekunde ngapi, na akikosa mara tatu anarudi benchi akitupa rungu ama ametulia. Wengi hupenda kuchukua shortstop, ule msee wa kudaka katikati, juu anaweza kuhamishwa popote uwanjani.

Sasa ganji. Kwa miaka mingi timu ya Divisheni ya Kwanza ilikuwa na ufadhili 11.7 pekee, unagawanywa kwa wachezaji hadi 27. Manze, hebu piga hesabu. Wengi walikuwa wanapewa kipande, halafu wazazi wanajaza. Juni 2025 korti ikapitisha makubaliano mapya: vyuo vilivyoingia kwa huo mpango vinaweza kufadhili wachezaji wote, ila kikosi kisizidi 34. Nafasi 34 na kila mtu anazitaka. Kocha naye akilini anajiuliza, nimchukue mtoto wa miaka 18, ama nidandie msee wa 21 anayehama chuo na ashawahi kucheza na wakubwa?

Paul Skenes alihama hivyo. Air Force alikuwa anadaka, anapiga na kurusha. Akaenda LSU, akaachana na rungu, wakabeba taji la 2023, na Pittsburgh Pirates wakamchagua namba moja nchi nzima.

Shida ni kwamba kila kijana ameskia hiyo stori, na kila mmoja anafukuza ile namba ya kwa kadude. Kiwiko hakikuumbwa hivyo. Tangu 1974, daktari Frank Jobe alipomfanyia Tommy John upasuaji wa kutoa kano sehemu ingine na kuishonea kwa kiwiko, mapitcha wengi wamepitia hicho kisu, hata wa hai skuli. Desemba 2024 ligi kuu yenyewe, MLB, ilitoa ripoti ikisema kusaka spidi ni moja ya sababu za majeraha kuzidi. Na bado makocha wanakuja na kale kadude.

Ukipata ofa, hapo ndipo uulize: nikikaa nje mwaka mzima mkono ukipona, ule ufadhili unabaki? Itake kwa maandishi, kabla mathe auze shamba kujaza kile kipande kimebaki.