Mkate Uliobaki Usitupwe: Tengenezeni Chenga za Kupikia

Mkate hununuliwa kwa fedha, na kwa mkulima wa skimu fedha hiyo mara nyingi ni ya maziwa au ya viazi. Hata hivyo, katika nyumba nyingi vipande vinavyobaki husahauliwa kabatini mpaka vikaota kuvu. Kutupa mkate ni hasara, na kuula ukiwa na kuvu ni hatari. Afadhali kuukausha mapema na kuutwanga uwe chenga.

Kwa nini tuukaushe?

Zaidi ya thuluthi moja ya uzito wa mkate ni maji, na kuvu huota mahali penye maji. Mkate ukikauka sawasawa, kuvu haipati nafasi. Mkate wa gramu 400 hutoa chenga kiasi cha gramu 250.

Mkate unaofaa

Wafaa mkate usio na sukari nyingi, wa siku moja au mbili, ulioanza kuwa mgumu lakini haujaharibika. Utazameni pande zote penye mwanga. Mkiona doa la kijani, jeupe au jeusi, msikwangue doa hilo na kudhani mkate umepona, kwa maana nyuzi za kuvu hupenya ndani zisikoonekana. Kuvu nyingine hutoa sumu, na moto wa jiko hauwezi kuiondoa. Mwaka wa 2004, katika sehemu za Makueni na Kitui na jirani zake, watu 125 walikufa kwa sumu ya kuvu iliyokuwa katika mahindi.

Wala msimpe ng'ombe au kuku mkate wenye kuvu. Sumu ya namna hiyo ikiliwa na ng'ombe yaweza kutokea katika maziwa, na maziwa hayo hunywewa na watoto. Mkate ulioharibika ufukieni shimoni.

Kazi yenyewe

1. Kateni mkate vipande vyembamba, upana wa kidole.

2. Kama hamna oveni, chukueni sufuria kubwa, tieni mchanga mkavu wa kina cha vidole viwili, kisha wekeni juu yake sahani ya bati yenye vipande. Vipande visilaliane. Funikeni, lakini acheni nafasi ndogo ya kutokea mvuke. Makaa yawe machache.

3. Geuzeni vipande kila dakika 10. Baada ya nusu saa hivi, jaribuni kimoja. Kikivunjika kwa mlio, kimekauka, kikipinda, bado. Visiwe vyeusi, maana chenga zitakuwa chungu.

4. Viacheni vipoe kabisa. Vikitiwa chupani vingali na moto, mvuke utageuka maji na kuvu itaota.

5. Vitwangeni katika kinu safi kisichonuka pilipili, au vifungeni katika kitambaa safi na kuviringisha chupa juu yake. Chekecheni, na zile kubwa zirudisheni kinuni.

6. Tieni chenga katika chupa kavu yenye kifuniko cha kukaza, mbali na mvuke wa jiko. Choteni kwa kijiko kikavu, na zitumieni kabla ya mwezi mmoja kupita.

Katika sehemu za baridi kama Kinangop, msitegemee jua peke yake. Mkate hukawia kukauka, na kuvu huwahi kuota.

Matumizi

Kwa kababu, changanyeni nusu kilo ya nyama ya kusaga, nusu kikombe cha chenga, yai moja, kitunguu na chumvi. Chenga hunyonya maji ya nyama, kwa hiyo kababu hazivunjiki wala hazinywei sana, na nyama kidogo huwatosha watu wengi zaidi.

Kwa samaki, pakeni kipande unga wa ngano, kichovyeni katika yai lililopigwa, kisha kigaragazeni katika chenga. Unga hushika yai, na yai hushika chenga. Mafuta yasiwe ya moto mno, kwani chenga huungua upesi kabla samaki hajaiva ndani.

Basi kila jioni angalieni mkate uliobaki. Ukiwa mzima, ukausheni siku ile ile; msingoje kesho kutwa. Mkulima hodari hachungi mavuno ya shambani tu, bali huchunga hata kipande cha mkate kilicho kabatini.